Suluhisha Daftari Kwanza

"Mimi simtuhumu mtu," alisema kaka mmoja kikaoni, "lakini 310 haziwezi kuota miguu zikaondoka zenyewe."

Tulikuwa wanachama 14 wa klabu ndogo ya sataranji tuliyoianzisha wenyewe. Miezi minane ilikuwa imepita tangu hesabu zisomwe mara ya mwisho. Daftari lilionyesha salio moja, na fedha zilizopo, za benki na za kisanduku zikijumlishwa, zilikuwa pungufu kwa 310. Aliyegundua pengo hilo alikuwa mweka hazina wetu mwenyewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja mbele ya kikao kabla mtu yeyote hajauliza. Baada ya kauli ile hakujibu neno. Alifungua pochi, akatoa ufunguo wa kisanduku, akauweka mezani taratibu, akavuta kiti chake nyuma.

Mimi nilikuwa katibu. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika chochote. Nilijua kuwa kauli ile ilikuwa imevuka mpaka, na nilijua pia kuwa aliyeitoa si mtu mbaya, ni kaka aliyekuwa wa kwanza kufika kila siku ya mazoezi, anayepanga kete kwenye kila ubao kabla wengine hawajaingia. Nikanyamaza. Wengine hawakunyamaza. Ndani ya dakika kumi kulikuwa na kambi mbili, na mmoja wetu akasimama kupendekeza tupige kura kama bado tuna imani na mweka hazina.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya ile kura ambayo, nashukuru, haikupigwa. Tangu wakati ule nimeitwa na vikundi kadhaa kuwasaidia kumaliza magomvi ya fedha, na karibu kila mara nakuta watu wamefika palepale: wanataka kuamua juu ya mtu kabla ya kujua kilichotokea kwa fedha. Naamini kwa dhati kuwa hapo ndipo klabu nyingi ndogo zinapofia, na kiasi kilichopotea mara nyingi si chanzo cha kifo hicho.

Aliyetuokoa alikuwa mwanachama wetu mkubwa kwa umri, mzee aliyefanya kazi ya uhasibu hadi kustaafu. Alinyoosha mkono, akasubiri kelele zitulie. "Wanangu," akasema, "310 ama zipo ama hazipo. Mkipiga kura kumi, hazitarudi wala hazitapotea zaidi. Tufunge kikao. Daftari lisiandikwe kitu, kisanduku kisifunguliwe, keshokutwa tukae watu wanne tu."

Wanne hao walikuwa mweka hazina, kaka mlalamikaji, mimi mwenye kumbukumbu za vikao, na yeye mzee. Nasisitiza kuwa mlalamikaji alikuwamo. Ukimwacha mlalamikaji nje ya chumba cha hesabu, hata ukirudi na jibu sahihi kabisa atalipokea kama jibu la watu waliojifungia. Akiwamo, akasoma mwenyewe, akahesabu mwenyewe, jibu linakuwa lake pia.

Wahasibu wana jina zuri la kazi tuliyokwenda kuifanya. Kulinganisha daftari lako na taarifa ya benki huitwa usuluhishi wa benki. Ni neno lilelile tunalolitumia kwa ndugu waliogombana, na sidhani kama kuna lugha ingelisema vizuri zaidi. Karatasi mbili zinasema maneno tofauti, unazikalisha pamoja, unazisikiliza mstari kwa mstari mpaka ujue zinatofautiana wapi na kwa nini.

Kabla hatujaanza mzee aliweka sharti moja. "Hapa mezani hakuna 'wewe'. Kuna 'mstari'." Hakuna kusema hukuandika, sema mstari huu hauna risiti. Hakuna kusema ulichukua. Sema mstari huu unaonyesha fedha zimetoka. Lilionekana jambo dogo, lakini nilimwona dada yetu mweka hazina akishusha mabega kwa mara ya kwanza tangu kikao kile.

Tulianza na kisanduku. Watu wawili walihesabu, kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja akaandika jumla yake bila kumwonyesha mwenzake. Jumla zilifanana. Kisha taarifa ya benki: kaka alisoma kwa sauti, tarehe na kiasi, na mweka hazina akatafuta mstari ule kwenye daftari lake na kuuwekea alama ya vema kwa penseli. Uliopatikana pande zote mbili tuliuacha. Hii ndiyo faida kubwa ya njia hii, kwamba katika miezi minane ya mapato na matumizi unabaki na mistari michache tu isiyo na alama, na mazungumzo yote yanahusu hiyo tu. Ugomvi uliokuwa umejaza ukumbi mzima unageuka kuwa mistari tisa kwenye karatasi.

Minane kati ya hiyo tisa ilikuwa makato ya benki. Tano kila mwezi kwa miezi minane, jumla 40. Benki ilikuwa imekata, daftari halikuandika, maana hakuna aliyekuwa akichukua taarifa ya benki kila mwezi. Wa tisa ulikuwa ada ya mwanachama iliyoingia benki siku ya mwisho ya mwezi na kuandikwa daftarini siku ya kwanza ya mwezi uliofuata, haukubadilisha kitu. Upande wa benki ukawa umeisha: pungufu 40, na sababu ipo mbele ya macho ya kila mtu.

Zikabaki 270, zote upande wa kisanduku. Hapo pagumu, kwa sababu fedha taslimu hazina mtu wa pili anayeandika. Benki ina kumbukumbu yake na wewe una yako. Kisanduku kina yako peke yake.

Mzee akauliza, "Tarakimu zake ukizijumlisha unapata ngapi?" Mbili na saba, tisa. Akatabasamu. Akatueleza jambo ambalo kila mweka hazina angepaswa kulijua: tofauti ikigawanyika kwa 9, kabla ya kumtafuta mwizi tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Andika 54 kwa makosa kuwa 45, tofauti ni 9. Andika 81 kuwa 18, tofauti ni 63, yaani 9 mara saba. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu tarakimu inayohama kutoka makumi kwenda mamoja inapoteza kumi na kupata moja, hivyo kila hatua ni tisa. Alama hiyo si ushahidi, ni fununu tu, maana pengo lolote linaweza kugawanyika kwa 9 kwa bahati. Tena tungeijaribu kwa 310 tusingepata kitu, kwa kuwa makosa mawili yalikuwa yamechanganyika. Ilibidi makato yatoke kwanza ndipo 270 ijitokeze.

Fununu ikaenda mbali zaidi. 270 ni 90 mara tatu. Maana yake, kama tarakimu zilibadilishana, ni za mamia na makumi, na zinapishana kwa tatu. Kwa hiyo tulitafuta mistari ya matumizi yenye sura ya 140, 250, 360, 470. Kwenye daftari ulikuwepo mmoja tu: saa za mashindano, zile za kupimia muda wa wachezaji, 360.

Risiti yake ilikuwa kwenye bahasha, lakini ilikuwa nyeupe karibu yote. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwa joto, si kwa wino, na zikikaa kwenye jua au karibu na joto maandishi hufifia mpaka yakapotea. (Tangu siku ile kila risiti yetu hupigwa picha siku ileile inapotoka.) Tuliishika karatasi ile kwa mshazari chini ya taa. Jumla haikusomeka. Lakini juu yake, kwa mbali, kulikuwa na mstari wa idadi na bei, na kaka ndiye aliyeusoma, polepole, akifuata kwa kucha: 210 mara 3. Akainuka, akaenda kabatini, akahesabu saa. Zilikuwa tatu. Akarudi, akakaa, akaandika 630 kwenye karatasi yake, akaitazama muda mrefu. Hakusema kitu, na hakuna aliyemlazimisha kusema.

Tuna methali yetu, mali bila daftari hupotea bila habari. Niliisikia tangu utotoni na nilidhani inahusu wezi. Usiku ule niliielewa upya. Methali haisemi mali huibiwa. Inasema hupotea, tena bila habari, yaani hakuna anayeweza kukupa taarifa zake, mwema wala mbaya. Daftari letu lilikuwepo, lakini lilikuwa na mwandishi mmoja na msomaji yuleyule mmoja. Daftari la namna hiyo haliwezi kumtetea mwaminifu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi kuliko 310 zenyewe. Dada yule hakuchukua hata moja, na kama si kipande cha karatasi kilichobakiza mstari mmoja wa kusomeka, tusingeweza kulithibitisha hilo kamwe.

Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu cha hisabati kilichoeleza, pamoja na mengine, namna wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa wakiandika kila muamala mara mbili, upande ulikotoka na upande ulikokwenda. Hakuivumbua njia hiyo, aliikuta inatumika. Klabu ya watu 14 haihitaji vitabu vya namna hiyo. Inahitaji lile wazo tu: kwamba kila fedha iwe na mashahidi wawili wanaoweza kupingana, ili kosa la mmoja lionekane kwa mwenzake.

Ningependa kusema kuwa mambo yaliishia hapo. Hayakuishia.

Tulipokuwa tukifunga bahasha, kaka akasema kwa sauti ya chini, "Sawa. Saa nimeziona. Na safari je?" Mzee akavua miwani, akaiweka mezani. Nafikiri alikuwa akilisubiri swali hilo.

Miezi mitatu kabla, wanachama watano walikuwa wamesafiri kwenda kwenye mashindano, na nauli yao yote ililipwa na klabu. Kaka alitaka kwenda, kazi ikamzuia. Alikuwa ametoa ada yake kila mwezi kwa miaka miwili akiamini fedha zile ni za vifaa, vitu ambavyo kila mmoja anavigusa. Alipoona nusu ya akiba imekwenda kwenye nauli za watu watano aliumia, na hakusema. Alisubiri. Siku lilipotokea pengo la 310, lile jeraha la safari likapata mlango wa kutokea.

Nimeliona jambo hili mara nyingi tangu hapo. Ugomvi wa fedha huja umevaa nguo za hesabu, lakini ndani yake kuna ugomvi wa makubaliano: tulisema nini hasa? Na ndani zaidi mara nyingine kuna wa tatu, wa mtu kuhisi kuwa hathaminiwi. Ukitatua wa kwanza pekee ukadhani umemaliza, utashangaa mbona watu bado hawasalimiani. Wala huwezi kuanza na ule wa ndani, kwa sababu mtu anayeamini ameibiwa hawezi kusikiliza habari za hisia. Ndiyo maana nasema daftari kwanza. Daftari haliponyi kila kitu, lakini ndilo linalosafisha njia ya kufikia kinachouma.

Tukafungua kumbukumbu za vikao, mwandiko wangu. Niliupata uamuzi wa safari: "Klabu itasaidia safari ya mashindano." Basi. Sentensi moja.

Nilitaka ardhi ipasuke. Itasaidia! Kusaidia kwaweza kuwa kulipa yote, kwaweza kuwa kuchangia sehemu, kwaweza kuwa kumkopesha mtu aje arudishe. Nilikuwa nimechagua neno laini kwa sababu kikao kilikuwa kimechelewa na kila mtu alikuwa akitabasamu, na neno laini linaacha kila mtu aondoke na maana yake mwenyewe mfukoni. Kosa lile lilikuwa langu, na nililisema pale pale mbele ya wale watatu, kisha baadaye mbele ya wote.

Kikao kilichofuata tulifanya jambo moja kabla ya majadiliano yoyote. Kila mmoja alipewa kipande cha karatasi aandike, bila jina na bila kumuuliza jirani, yeye alielewa nini siku ile tulipokubaliana juu ya safari. Karatasi zikasomwa. Sita walielewa kuwa klabu italipa nauli yote. Watano walielewa kuwa italipa sehemu. Watatu walielewa kuwa ni mkopo. Ukumbi ukanyamaza, na ukimya ule haukuwa wa hasira tena. Hakukuwa na mwongo hata mmoja kati yetu. Kulikuwa na watu 14 waliohudhuria kikao kimoja na kutoka na maamuzi matatu.

Nalipendekeza sana zoezi hilo, na sharti lake kubwa ni kuandika kabla ya kusikia. Mtu wa kwanza akisema kwa mdomo, wa pili atajipanga nyuma yake au dhidi yake, na kumbukumbu halisi inafia hapo.

Baada ya hapo suluhu ilikuja bila kuvutana sana. Waliosafiri walikuwa wamesafiri kwa nia njema na kwa idhini ya mwenyekiti, kwa hiyo hakuna aliyedai warudishe zote. Wao wenyewe walijitolea kurudisha nusu kwa miezi minne. Tukatenganisha mifuko miwili: ada ni ya vifaa na ukumbi, na safari zina mchango wake wa hiari, anayechangia ndiye anayefaidika. Tukakubaliana pia kuwa uamuzi wowote wa fedha uandikwe ukiwa na kiasi, nani analipwa, kwa kazi gani, na kama zinarudi au hazirudi, na usomwe kwa sauti kabla watu hawajainuka vitini. Nikausoma uamuzi huo wenyewe kwa sauti. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka kidogo.

Kaka aliomba radhi kwenye kikao hichohicho, kwa kuwa neno lenyewe alilisema kikaoni. Alikuwa ametaka kumpigia dada simu tu, mzee akamkataza kwa upole: watu 13 walisikia, watu 13 wasikie. Alisimama, akasema alikosea, akataja alichokosea, hakuweka "lakini".

Sasa, kuna magomvi ambayo mwisho wake si tarakimu zilizobadilishana. Kuna wakati fedha zimechukuliwa kweli. Kikundi kimoja kiliniita, tukafanya usuluhishi uleule wa mstari kwa mstari, na mistari isiyo na alama ikabaki haina alama. Aliyekuwa akizishika fedha alikuwa kimya mpaka tulipofika mwezi wa nne, kisha akasema, "Nilikopa. Nilikuwa nirudishe kabla ya kufunga hesabu." Naamini alikuwa akisema ukweli wake. Mwaka 1953 mtaalamu wa jinai wa Marekani, Donald Cressey, alichapisha utafiti alioufanya kwa kuzungumza na wafungwa waliokuwa wamekula fedha walizokabidhiwa. Aliwakuta na mambo yanayofanana: shida ya fedha ambayo mtu aliona haya kumwambia yeyote, nafasi ya kuzifikia fedha bila kuonekana, na maneno aliyojiambia ili aendelee kujiona mtu mwema. Na neno mojawapo lililojirudia ni hilohilo la kukopa.

Katika mambo hayo matatu, klabu ina uwezo mkubwa juu ya moja tu, nayo ni nafasi. Huwezi kuzuia mtoto wa mweka hazina asiugue. Huwezi kuingia moyoni mwake. Lakini unaweza kuhakikisha hakuna anayeshika fedha, kuziandika na kuzikagua peke yake. Watu wengi huona kuweka watia saini wawili ni kumtilia mtu shaka. Mimi naona ni kumhurumia. Unamwondolea jaribu siku ambayo shida itabisha hodi kwake, na unampa ushahidi siku ambayo watu watamsengenya.

Na pindi imethibitika? Kwanza ongea naye faraghani, watu wawili, mkiwa na karatasi, si tetesi. Aeleze. Kisha ratiba ya kurejesha iandikwe na kusainiwa, yenye tarehe na kiasi cha kila awamu, na aachie ufunguo siku hiyohiyo. Wanachama wana haki ya kujua kiasi kilichochukuliwa na ratiba yake. Shida ya nyumbani iliyomsukuma si mali ya klabu na haipaswi kutangazwa. Kama kiasi ni kikubwa au anakana mbele ya ushahidi, vyombo vya sheria vipo, na mnaweza kwenda huko. Mwende kwa dhati tu, msiutumie uwezekano huo kama fimbo ya kumtishia ili alipe. Sheria za nchi nyingi zinakataza kumkamua mtu fedha kwa tishio la kumshitaki, na wenye haki wanaweza kujikuta wamegeuka washitakiwa.

Kuhusu adhabu, Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza mali ya pamoja, kama maji ya umwagiliaji, misitu na maeneo ya uvuvi, kwa vizazi vingi. Aligundua kuwa zile zilizodumu zilikuwa na adhabu za kupanda ngazi: kosa la kwanza onyo au faini ndogo, likirudiwa zaidi, mpaka kufukuzwa. Zilikuwa pia na pahali pa karibu na pa gharama ndogo pa kumaliza ugomvi, na wakaguzi waliowajibika kwa wenye mali wenyewe. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mwenzetu aliyetaka kura ya imani. Alikuwa akiruka ngazi zote na kutua juu kabisa, kabla hatujajua kama kulikuwa na kosa.

Niguse na mali zisizo fedha, maana huko nako watu huumizana. Katika nchi nyingi klabu isiyosajiliwa haihesabiwi kuwa mtu mbele ya sheria, haiwezi kumiliki kitu kwa jina lake. Akaunti na vifaa huwa mikononi mwa watu fulani kwa niaba ya wote, na mmoja akiondoka swali la nani mwenye nini linakuwa la kweli kabisa. Sisi lilitukuta kwa ubao mkubwa wa kufundishia unaoning'inizwa ukutani, ulionunuliwa na waasisi watatu kabla klabu haijawa na mfuko. Mmoja akahama. Kila mmoja wa watatu aliutaka, na ubao haukatiki.

Tulitumia njia ya mwanahisabati wa Poland, Bronisław Knaster, ambayo mwenzake Hugo Steinhaus aliieleza katika makala ya mwaka 1948 juu ya mgawanyo wa haki. Kila mmoja anaandika kwa siri thamani ya kitu kile kwake yeye. Mmoja wao aliandika 90, wa pili 75, wa tatu 60. Fungu la haki la kila mmoja, kwa kipimo chake mwenyewe, ni theluthi: 30, 25 na 20. Wa 90 anachukua ubao, lakini kwa kuwa amepata kitu cha 90 na haki yake ni 30, anaweka mezani 60. Katika hizo, wa pili anachukua 25 yake, wa tatu 20 yake, na 15 zinazobaki zinagawanywa sawa, tano kwa kila mmoja. Mwenye ubao ametoa 55 tu, wa pili ana 30, wa tatu ana 25, na kila mmoja amepata tano zaidi ya alichokiona mwenyewe kuwa ni haki yake. Nilipomaliza kuandika hesabu hiyo mbele yao, aliyekuwa anahama akaisoma mara mbili, kisha akacheka kwa furaha. Mpaka leo ni rafiki yetu na hutembelea klabu akija.

Nirudi kwa dada yetu. Aliikubali radhi ya kaka, na aliikubali kwa moyo, nilimwona. Lakini ufunguo hakuuchukua tena. Alisema angependa kucheza tu kwa mwaka mmoja, bila bahasha za risiti nyumbani kwake, na tulimwelewa. Ilituuma hata hivyo. Hesabu tuliisahihisha jioni moja. Lile neno la kikaoni lilichukua muda mrefu zaidi kutoka.

Mweka hazina mpya akachaguliwa, na katika kanuni zetu tukaandika kuwa kila mwisho wa mwezi wanachama wawili wasio viongozi watalinganisha daftari na taarifa ya benki. Mwezi wa kwanza nilipitisha karatasi ya kujiandikisha nikidhani itarudi tupu. Ilirudi na majina mawili. La kwanza lilikuwa la kaka. La pili lilikuwa la dada.

Walikaa meza ya pembeni, wengine tukiendelea na michezo yetu. Yeye alishika taarifa ya benki, dada akafungua daftari na kuchonga penseli.

"Tarehe moja," akasoma. "Ada. Imeingia."

"Ipo," akasema dada, akaweka alama.